Kunyamaza Kituoni Si Kukiri

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamtaka afisa amweleze anayekamatwa, mara moja na kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Lazima pia afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiisha mahakama ikiwa imefungwa. Hapo husubiri siku ya kazi inayofuata. Mwanya huo unaumiza. Anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu, na hofu ya seli ikamfanya atie sahihi maelezo ambayo hakuyasoma.

Wapo wanaosema kwamba ukimya huwakinga wahalifu. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu Sheria ya Ushahidi haikubali ungamo lililotolewa kwa afisa anayepeleleza kesi. Linatakiwa litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine wa cheo cha juu, huku mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa akiwepo. Kumtisha mtu usiku, basi, kunaibomoa kesi yenyewe na kumwacha mwathiriwa bila haki. Pingamizi lenye uzito ni la pesa: wangapi wanamudu wakili? Ni kweli, wachache. Lakini mtu huyo wa tatu si lazima awe wakili. Hata mzazi anafaa. Kuuliza kosa ni lipi, kuomba kumpigia simu ndugu, kukataa kutia sahihi usichokielewa, yote hayo hayana ada. Bondi ya polisi, ya kuachiliwa kutoka kituoni, nayo ni bure, na anayedai pesa kwa ajili yake anavunja sheria.