BREKI HUTOA TAARIFA KABLA YA KUSHINDWA

Maandishi ya mazungumzo ya Ofisa Habari kwa watumishi wa Serikali na wananchi, kuhusu kasoro za breki katika magari madogo ya abiria

Nazungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulitegemea kila siku bila ya kulifikiria. Jambo lenyewe ni breki za magari madogo ya abiria, yaani Noah, HiAce na mengineyo ya namna hiyo, ambayo leo ndiyo yanayowabeba watu wetu kwenda kazini, sokoni, skuli na hospitali.

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni habari. Lakini nimejifunza kwamba breki nazo zina habari zake, na kwamba mara nyingi madhara hutokea si kwa kuwa habari hizo hazikutolewa, bali kwa kuwa hakuna aliyezipokea. Somo hili sikulipata hapa Visiwani. Nililipata mbali, katika Mkoa wa Simiyu, na naomba nianzie huko.

Mwezi wa Agosti, 2019, Maonyesho ya Nane Nane Kitaifa yalifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, nami nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kuyaona. Simiyu ni mkoa mpya, uliotangazwa rasmi mwaka 2012 baada ya kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, na makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ya ng'ombe. Ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare, na barabara ya lami itokayo Bariadi kwenda Lamadi, inakokutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, imenyooka kiasi cha kumshawishi dereva kukanyaga mafuta na kuusahau mguu wa pili.

Siku ya kuondoka nilipanda Noah ya abiria, gari ambalo huko watu hulijumuisha katika yale wayaitayo michomoko. Viti vilikuwa vya watu wanane, nasi tulikuwa kumi na mmoja, pamoja na magunia na kuku wawili. Nilikaa mbele. Baada ya mwendo mfupi niliona kwamba kila tulipokaribia kijiji, dereva alikanyaga breki mara mbili za haraka kabla ya kukanyaga ya tatu, na ni hiyo ya tatu tu iliyoshika. Nikamwuliza, "Kijana wangu, gari hili lina nini?" Akajibu kwa utulivu, "Mzee, hii gari ina tabia yake, nimeshaizoea."

Hatukufika mbali. Karibu na Dutwa ng'ombe walianza kuvuka barabara, na nyuma yao kulikuwa na mtoto mwenye fimbo, mwenye umri wa skuli ya msingi. Dereva alikanyaga mara mbili, mara tatu, mara nne. Akateremsha gia, akavuta breki ya mkono, gari likaserereka upande na kusimama hatua chache kutoka kwa mtoto yule, ambaye alibaki amesimama akitutazama. Hakuna aliyeumia, na ndani ya gari hakuna aliyesema neno kwa muda.

Tulipopata utulivu nilimwuliza dereva kama mwenye gari anaijua kasoro ile. Alinipa jibu ambalo sijalisahau hadi leo: "Mzee, mwenye gari huniuliza hesabu ya siku. Breki hajawahi kuniuliza."

Ndugu Wananchi,

Jibu hilo ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Kabla sijalirudia, yafaa kwanza tuelewe breki inavyofanya kazi na inavyotoa taarifa zake.

Katika magari mengi ya namna hii magurudumu ya mbele yana diski, ambayo hubanwa na pedi kutoka pande mbili. Na magurudumu ya nyuma yana drami, ambayo ndani yake mna viatu vya breki vinavyotanuka na kusugua ukuta wake. Dereva anapokanyaga, mafuta ya breki husukumwa kutoka masta silinda kupitia mabomba membamba hadi kwenye kila gurudumu. Kwa kuwa mafuta hayashindiliki, nguvu ya mguu hufika yote. Hewa ikiingia katika mabomba hayo, nguvu hupotea katika kuishindilia hewa, na pedeli huwa laini kama iliyokanyaga mto.

Kasoro ambazo wamiliki na madereva wa magari haya huzieleza zaidi ni hizi zifuatazo.

Kwanza, ni kelele. Mlio mwembamba wa chuma unaosikika wakati wa kukanyaga huashiria pedi zilizokaribia kwisha. Baadhi ya pedi hutengenezwa na kibati kidogo maalumu cha kupiga mlio huo. Pedi iliyobakia na unene wa milimita 3 haifai kuendelea kutumika. Mlio ukigeuka kuwa mkwaruzo mzito, maana yake chuma kimeshakutana na chuma, na sasa diski nayo inaliwa. Aliyeogopa gharama ya pedi atanunua pedi na diski.

Pili, ni pedeli laini, au pedeli inayotaka kupampiwa kama ya yule kijana wa Bariadi. Sababu yake huwa ni hewa katika mabomba, mafuta yanayovuja, mpira wa masta silinda uliochoka, au viatu vya nyuma vilivyolika bila ya kurekebishwa. Kupampu si dawa. Ni kuificha kasoro mpaka siku ambayo hakutakuwa na nafasi ya kukanyaga mara tatu.

Tatu, ni gari kuvuta upande mmoja. Hapa mara nyingi kalipa, yaani kile chombo kinachobana pedi, imeganda kwa kutu au matope, au mafuta yamevujia kwenye pedi za gurudumu moja. Gurudumu moja linashika na jingine halishiki. Katika lami iliyolowa, gari la namna hiyo huweza kuzunguka.

Nne, ni pedeli au usukani kutetemeka wakati wa kupunguza mwendo. Hii ni dalili kwamba diski haikulika sawasawa au imepinda.

Tano, ni breki ya mkono isiyoshika. Kasoro hii imezoeleka kiasi kwamba utingo kuteremka na jiwe la kuzuia gurudumu imekuwa ni sehemu ya kazi yake. Kumbe breki ya mkono ndiyo akiba pale breki ya mguu inaposhindwa. Ilituokoa sisi siku ile. Gari lenye jiwe mahali pa breki ya mkono ni gari lisilo na akiba.

Sita, ni mafuta ya breki yaliyochakaa au yasiyo ya aina yake. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hufanya mapovu ya mvuke, na pedeli huzama ghafla hadi chini. Ndiyo maana mafundi hushauri yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Kadhalika, anayejazia mafuta ya injini katika chupa ya breki huivimbisha mipira yote ya mfumo na kuiua kabisa.

Aidha, kila mahali huongeza ugonjwa wake. Simiyu ina vumbi jingi wakati wa kiangazi, na wakati wa masika ule udongo mweusi wa mbugani hunata na kujaa ndani ya magurudumu. Sisi huku tuna hewa ya chumvi, ambayo hula mabomba ya breki na waya wa breki ya mkono kimya kimya kutoka nje kwenda ndani. Gari huweza kung'ara rangi yake huku bomba lake la breki limebakia unene wa ganda la yai.

Juu ya yote hayo kuna uzito na mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, inayotumika Tanzania Bara, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makaazi, na kilomita 80 kwa magari ya abiria katika barabara nyengine. Hesabu yake ni hii. Dereva makini anayekwenda kilomita 50, mwenye breki nzima na lami kavu, husimama katika mita 28 hivi: nusu yake hupita kabla mguu haujafika kwenye breki, na nusu ya pili ni ya breki yenyewe. Anayekwenda kilomita 80 huhitaji mita 58 hivi. Pale ambapo mwenzake ameshasimama, yeye ndiyo kwanza ameanza kukanyaga, na gari lake bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Hayo ni ya breki nzima. Wa kupampu mara tatu hesabu yake ni nyengine, na abiria watatu wa ziada huiongeza tena.

Tarehe 11 Januari, 2022, katika kijiji cha Nyamikoma, Wilaya ya Busega, katika mkoa huo huo wa Simiyu, gari lililowabeba waandishi wa habari liligongana na HiAce ya abiria. Watu wasiopungua 14 walipoteza maisha, wakiwamo waandishi ambao walikuwa kazini. Sisemi kwamba ajali ile ilitokana na breki, na sina haki ya kusema hivyo. Naitaja kwa kuwa marehemu wale walikuwa wenzangu katika kazi, na kwa kuwa barabara iliyonyooka haisamehe.

Ndugu Watumishi wenzangu,

Sasa narudi kwenye jibu la yule dereva. Wengi wetu tulioajiriwa tuna gari dogo la biashara mikononi mwa kijana. Jioni huja na hesabu. Ikitimia tunamshukuru, ikipungua tunamwuliza kwa nini. Kijana huyo anajua kwamba siku ya kulilaza gari gereji ni siku isiyo na hesabu, na kwamba kuna vijana wengine watatu wanaoitamani nafasi yake. Kwa hiyo hunyamaza, hupampu, na huzoea. Lawama yote tukimtupia yeye tutakuwa hatukutenda haki.

Nami sijitoi. Niliporudi Unguja nilimwita kijana aliyekuwa akiendesha gari langu nikamwuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, "Breki zikoje?" Alinyamaza kwanza, kisha akasema breki ya mkono haikuwa ikishika tangu mwaka uliopita. Fundi alipoifungua alikuta waya umekatika kwa kutu. Kijana alikuwa na habari, na mimi Ofisa Habari sikuwa nayo.

Kwa hivyo, napendekeza mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi.

(a) Kila asubuhi kabla ya gari kutoka, dereva akanyage pedeli kwa nguvu na kuihesabia hadi 30. Ikiendelea kuzama, gari lisitoke. Kisha azime injini, akanyage mara kadhaa, aishikilie pedeli na kuwasha: ikishuka kidogo, kile chombo kinachousaidia mguu kwa nguvu ya injini kinafanya kazi. Kwa sababu hiyo hiyo, ni marufuku kuzima injini gari likiwa katika mteremko ili kuokoa mafuta.

(b) Atazame kiwango cha mafuta ya breki na upande wa ndani wa magurudumu yote manne. Mafuta yakipungua, sababu itafutwe kwanza. Taa ya breki ikiwaka isifunikwe kwa karatasi.

(c) Pedi na viatu vibadilishwe kwa jozi, kulia na kushoto kwa pamoja, na kwa vipuri vinavyoaminika.

(d) Kila gari liwe na daftari dogo. Dereva aandike anachokisikia, na mwenye gari atie saini kwamba amesoma. Magari ya Serikali yana vitabu vya safari. Na yaandikwe humo hali ya breki pia, si maili peke yake.

(e) Mwenye gari aulize breki kabla ya kuuliza hesabu, na siku ya gereji ihesabiwe kuwa ni siku ya kazi kwa dereva.

Na iwapo pamoja na hayo breki zitashindwa njiani, dereva asizime injini. Apampu kwa haraka, ateremshe gia hatua kwa hatua, hata katika gari la otomatiki, avute breki ya mkono kidogo kidogo, apige honi, na aelekeze gari pasipo na watu.

Abiria nao wana sehemu yao. Anayeona dereva akipampu, na aulize kwa adabu. Kuuliza si kumdharau dereva. Pengine ndiyo nafasi pekee aliyokuwa akiingojea ya kusema.

Ndugu Wananchi, yule mtoto wa Dutwa sikulijua jina lake, na yeye hakunijua. Kama yu hai leo, ni kijana mkubwa. Tungeweza kuwa tumemkosa kwa sababu ya kasoro ambayo gari lilikuwa likiisema kila kijiji, mara tatu tatu, na sote ndani tukiisikia.