Wasifu Wako ni Amana



Vijana wenzangu, wazazi wetu, leo tuzungumze juu ya ile sivi, yaani wasifu wa kuombea kazi. Utauliza, yahusu nini na Ramadhani? Subiri kidogo.

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni karibu kilomita 370. Nani ataweza safari hiyo kila wiki, maisha yake yote? Ndio maana ilikuwa faraja mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilipoanza mpango wa kukodisha vifaa, zikiwemo mashine hizi, kwa hospitali za kaunti.

Lakini mashine haijiendeshi. Presha ya mgonjwa yaweza kushuka ghafla akiwa kitini, na potasiamu ikizidi mwilini moyo waweza kusimama. Hapo anatakiwa mtu anayejua, siyo aliyeandika kwamba anajua.

Siku hizi waajiri wengi, hasa mashirika na hospitali kubwa, hutumia kompyuta kuchuja maombi. Inatafuta maneno yaliyomo katika tangazo. Je, kuyatumia maneno hayo ni udanganyifu? Hapana, ikiwa ni kweli. Kama tangazo limesema "dialisisi" na wewe uliandika "kusafisha damu", badilisha uandike neno lao. Huko ni kujieleza vizuri. Lakini ukinakili orodha yote ya tangazo wakati ulikaa wodi ya figo wiki mbili tu ukitazama, hiyo ni ghushi. Andika: "Nilijifunza wiki mbili chini ya usimamizi." Hakuna aibu.

Mnakumbuka Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta juu pakavu, ndani maji? Akamkemea muuzaji kwa kuificha sehemu iliyolowa. Jamani, sivi ngapi ni kavu juu tu? Mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi umefichua vyeti bandia zaidi ya 2,000 kwa watumishi wa umma. Mshahara uliopatikana hivyo, ndio utanunua tende za kufuturishia watu?

Nanyi mnaoajiri, amana ni yenu pia. Tangazo liseme wazi. "Mtaalamu wa figo" ni nani? Daktari bingwa husomea udaktari, kisha magonjwa ya ndani, kisha figo zenyewe. Jumla zaidi ya miaka kumi. Muuguzi wa dialisisi ni mwingine, na fundi wa mashine ni mwingine. Ukimhitaji muuguzi usitangaze daktari bingwa, maana unawafukuza wakweli na kuwakaribisha waongo. Mwombaji akija, hakikisha usajili wake kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, au Baraza la Wauguzi. Wapigie simu wadhamini. Muulize: presha ikishuka katikati ya kazi, utafanya nini kwanza? Aliyefanya kazi hiyo atajibu bila kutafuta maneno.

Na tuambiane ukweli: hapa kwetu simu za "huyo ni kijana wetu" ni nyingi. Mashine haijui ukoo. Na atakayelala kitini kesho huenda akawa mama yako.

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, yule binti alipomshauri babake amwajiri Nabii Musa (a.s.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Ujuzi bila ukweli hautoshi, na ukweli bila ujuzi hauoshi damu.

Basi ndugu yangu, usiku huu baada ya taraweh, toa sivi yako uisome mstari kwa mstari. Usioweza kuuapia, ufute.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.