Bunge Liulizwe Kwanza

Ndugu wananchi wa Wazo,

Kiwanda cha saruji kilianza kazi kilimani hapa mwaka 1966. Mwaka uliofuata, Bunge lilipitisha Sheria ya Utwaaji wa Ardhi, na ndiyo inayotumika hata leo. Kiwanda twakijua sote. Sheria ni wachache walioisoma.

Asili ya mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1923 Waingereza waliandika kuwa ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya Gavana. Kwa nguvu hiyo, mwaka 1951 waliwahamisha Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, hata Kirilo Japhet akavuka bahari mwaka 1952 kuwashtaki mbele ya Umoja wa Mataifa. Gavana alikwenda zake; mdhamini wa ardhi sasa ni Rais.

Rais akitwaa ardhi kwa barabara au shule hatubishi. Twataka fidia kamili, ya haki na ya upesi, kama isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Lakini someni kifungu cha 4 cha sheria ile ya 1967. Kinasema kwamba shirika likihitaji ardhi ya kujengea kazi yenye faida kwa umma au kwa uchumi wa taifa, Rais aweza kuitangaza haja hiyo kuwa ya umma, ila kwanza Bunge liridhie kwa azimio.

Mlango huo ni mzuri. Taabu ni kwamba kando yake pana milango mipana zaidi: kifungu hicho hicho kimekwisha kuviita viwanja vya viwanda na uchimbaji wa madini manufaa ya umma, bila Bunge kuulizwa. Nani atabisha hodi penye mlango mwembamba?

Wenzetu wa vijijini wana nafuu. Ardhi yao isiyozidi hekta 250 haihamishwi mpaka mkutano wa kijiji ukubali. Ikizidi hapo, Waziri huamua baada ya kupata maoni yao. Sisi wa mjini hatuna mkutano huo. Baraza letu ni Bunge.

Kwa hiyo twadai kifungu cha 4 kirekebishwe, kila ardhi inayotwaliwa kwa ajili ya kampuni ipite Bungeni. Mbunge aulizwe msimamo wake hadharani. Na mtu akikuleteeni ilani ya kuhama, mwulizeni ni kwa fungu lipi, na kama imekwisha tangazwa katika Gazeti la Serikali.