Taka Zikijaa Sokoni

Tuseme uko katika mji mdogo hapa Kenya. Choo cha soko kimefungwa kwa kufuli, mtaro umezibwa na maganda ya ndizi na chupa za plastiki, lakini mkusanya ushuru hakosi hata asubuhi moja. Chama cha wakazi kifanye nini? Wengine huchoma matairi. Moshi hupaa, polisi huja, taka hubaki palepale.

Kuzoa taka ni kazi ya kaunti; ndivyo linavyosema Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inawapa wakazi haki ya kuwasilisha ombi kwa maandishi. Kifungu cha 89 kinaitaka kaunti ijibu upesi.

Ila barua ya kulalama tu hulala kwenye droo. Katika barua yenu ulizeni maswali yanayobana: zabuni ya kuzoa taka alipewa nani? Kwa pesa ngapi? Lori lipite siku zipi? Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza, nendeni kwa Tume ya Haki ya Utawala. Malalamiko hupokelewa bila malipo.

Mwenyekiti asiipeleke barua kwenye ofisi ya kaunti peke yake, maana huko ndani kuna chai tamu. Nendeni watatu, na nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe. Mkutano wenu ujao usiishe kabla barua hiyo haijatiwa sahihi.