Mkate wa Ndizi na Nazi

(Hotuba ya karani mmoja, iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wazazi katika mkutano wa shule)



Najua wengine wenu mmeshangaa kusikia ya kuwa karani, mtu wa kalamu na hesabu, atasimama leo kuzungumza habari za jikoni. Mzee mmoja amekwisha niuliza pale mlangoni kama nimefukuzwa kazi. La, sikufukuzwa. Lakini liko jambo ambalo limenifundisha mengi, nami nataka kuwaelezeni: kuoka nyumbani mkate wa ndizi mbivu na nazi, mkate usiotaka hamira wala tanuri.

Mimi ni mtu wa pwani. Nimekulia kwenye minazi, na kazi ndiyo iliyonileta huku kwenye migomba, chini ya mlima Kilimanjaro. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliona jambo lililonihuzunisha. Yalikuwa majira ya ndizi nyingi. Jirani yangu, mama mmoja mwenye bidii, alirudi sokoni jioni na mzigo ule ule aliokwenda nao asubuhi, maana kila mtu alikuwa na ndizi zake na mnunuzi hakuwapo. Baada ya siku chache ndizi zile zikawa na madoa meusi, naye akazimwaga shimoni nyuma ya nyumba. Jioni ile ile nikamwona mwanawe akipita mbio. Nikamwuliza, "Watumwa wapi, mwanangu?" Akajibu, "Dukani, bwana, kuchukua mkate. Mama amesema uandikwe."

Uandikwe, yaani ukopwe. Basi nikafikiri: nyumba hii imetupa chakula asubuhi, na jioni imeingia deni kwa ajili ya chakula. Hesabu ya namna hii ingeletwa mezani kwangu, nisingeitia sahihi.

Mabwana, ndizi si mgeni katika nchi zetu. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Morocco, alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika ya kuwa chakula kikubwa cha watu wa pale kilikuwa ndizi na samaki. Huku mlimani Wachaga hupika ndizi mbichi pamoja na nyama, na ndizi mbivu hutumika katika kutengeneza mbege. Wahaya wa Bukoba nao hufanya rubisi kwa ndizi mbivu. Basi kazi ya ndizi mbichi twaijua, na kazi ya ndizi mbivu kwa kinywaji twaijua pia. Lakini ile iliyoiva mno, ambayo ganda lake limekuwa jeusi na nyama yake imelegea, huhesabiwa kuwa imekwisha thamani. Kumbe ndiyo inayofaa kwa mkate kuliko zote.

Sababu yake ni hii. Ndizi mbichi ina wanga mwingi, karibu sehemu moja katika tano ya uzito wa nyama yake. Inapoiva, wanga ule hugeuka kuwa sukari, hata ndizi ikiwa imeiva kabisa wanga unaobaki ni haba sana. Kwa hiyo weusi wa ganda si dalili ya uovu, bali ni tangazo ya kuwa sukari imo tayari ndani. Walakini nisieleweke vibaya: ndizi yenye ukungu, inayotoka maji na kunuka kama pombe, hiyo imeoza kweli, na mahali pake ni shimoni.

Sasa niseme kwa nini mkate huu huitwa wa haraka. Mkate wa kawaida huumuliwa kwa hamira. Hamira ni viumbe hai vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari ya unga na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoumua kinyunga. Kazi hiyo hutaka saa nyingi. Mkate wetu hutumia soda ya kuokea. Soda ikikutana na kitu chenye ukali kidogo kama ndizi mbivu au ndimu, hutoa hewa papo hapo, pasipo kungoja.

Ujuzi huu watu waliupata kidogo kidogo. Kitabu cha mapishi cha Amelia Simmons, kilichopigwa chapa Marekani mwaka 1796, kilikuwa tayari kinatumia chumvi iliyotolewa katika majivu kwa kuumulia unga. Mwaka 1843, katika mji wa Birmingham, Uingereza, mtengeneza dawa Alfred Bird alibuni unga wa kuumulia kwa sababu mkewe hakuweza kula kitu chenye hamira. Na mkate wa ndizi wenyewe ulienea Marekani katika miaka ya 1930, miaka ya dhiki kubwa ya fedha. Basi mnaona kwamba si chakula cha anasa. Ulipendwa na watu waliokuwa wakihesabu kila senti, kama sisi.

Nami nilipopata habari hizi nilijiona nimekwisha kuwa mjuzi. Nikaingia jikoni. Wazee, nawaombeni msicheke sana.

Mkate wa kwanza niliukoroga kwa nguvu zangu zote, kama mtu asongaye ugali, nikidhani bidii ndiyo ubora. Kisha mgeni akabisha hodi. Nikauacha unga uliokwisha lowana ukae, tukazungumza kwa muda mrefu. Uliposhuka motoni ulikuwa mzito kama tofali. Mke wangu aliutazama, akasema, "Bwana, huu tuule au tujengee?"

Mkate wa pili nilifikiri dawa ni kuongeza soda. Nikatia vijiko vitatu. Uliumuka vizuri, ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea, nami nikafurahi. Mke wangu akamega, akaonja, akaniambia kwa upole, "Bwana, leo umetuletea sabuni." Wa tatu uliungua chini na katikati ukawa mbichi.

Ndipo nikakumbuka ya kuwa kuuliza si ujinga. Karibu na soko anakaa bibi mmoja wa Tanga, mjuzi wa mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi tunaoupenda sana pwani. Nikaenda kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekukunjamana?"

Nikamweleza yote. Akacheka hata machozi yakamtoka, akasema, "Mwanangu, moto wako wote uko chini. Wewe wakaanga, huoki. Mkate hupaliwa moto juu. Makaa mengi juu, machache chini."

Nikamwuliza kipimo cha unga. Akajibu, "Kadiri ya mkono." Nikamwomba ateke unga kwa mkono wake na kuutia katika kikombe changu, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ajabu, mara zote tatu unga ulifika karibu mahali pale pale. Mkono wa bibi yule ni mizani. Lakini nikajiambia: mkono huu ni wake, na siku atakapoondoka ataondoka nao. Nikatoa daftari, nikaandika. Hii ndiyo kazi niliyoweza kuifanya mimi karani. Kipimo nilichokipata, baada ya kuoka tena na tena, ni hiki:

Ndizi mbivu mno 3 za kadiri, zipatazo kikombe kimoja na nusu zikipondwa.
Unga wa ngano vikombe 2, yaani kama gramu 250.
Sukari nusu kikombe.
Mayai 2.
Mafuta ya kupikia theluthi ya kikombe.
Tui zito robo kikombe.
Nazi iliyokunwa nusu kikombe.
Soda ya kuokea kijiko 1 cha chai, kikiwa sawasawa bila kilima.
Chumvi nusu kijiko cha chai.
Maji ya ndimu kijiko 1 cha chai.
Iliki punje 5, zimenywe na kutwangwa.

Angalieni: soda ninayoitaja ni ile nyeupe laini ya kuokea. Magadi ya mawe tunayotia katika maharagwe ni makali zaidi, wala hayafai hapa.

Kwanza washeni makaa, maana mkate huu haungoji moto. Moto ndio unaongoja mkate. Chukueni sufuria kubwa nene, tieni ndani mchanga safi mkavu unene wa vidole viwili, funikeni kwa mfuniko wa bati, na kuiteleka mpaka ipate moto. Pakeni mafuta sufuria ndogo ya upana wa shubiri moja na kuinyunyizia unga kidogo.

Kisha chungeni unga pamoja na soda, chumvi na iliki. Katika bakuli la pili pondeni ndizi, mtie mayai, sukari, mafuta, tui na maji ya ndimu, mchanganye vizuri. Mimineni hivi vya maji juu ya unga, pamoja na nazi iliyokunwa, mgeuze kwa mwiko mara chache tu. Unga mkavu usipoonekana tena, acheni. Mabonge madogo hayadhuru. Hapa ndipo nilipokosea mimi. Ngano ina kitu ndani yake ambacho kikikorogwa sana hunata na kuvutika kama mpira; chafaa kwa chapati, lakini mkate huu hukigeuza kuwa tofali. Tena soda imekwisha anza kutoa hewa yake, na kila dakika mnayokawia hewa inakwenda zake. Akija mgeni, mkaribisheni akae, ninyi endeleeni.

Mimineni katika sufuria ndogo, iwekeni juu ya mchanga ndani ya ile kubwa, funikeni, na palieni makaa mengi juu ya mfuniko, machache yabaki chini. Msifunue kabla ya dakika 40. Kisha chomeni katikati kwa chelewa safi. Ikitoka na unga mbichi, rudisheni. Ikitoka kavu, mkate umeiva. Mara nyingi huchukua kama dakika 45 hata saa nzima, kwa kadiri ya moto. Uacheni upoe kabla ya kuukata. Na jambo moja la hatari: msioke kwa makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya makaa haina harufu ya kumwonya mtu, nayo huua.

Mwenye nanasi aweza kulikata vipande vidogo, kama nusu kikombe, lakini alikaushe kwanza katika kikaango mpaka maji yake yaishe, asije akaharibu mkate kwa maji. Mwenye embe achague lililo gumu kidogo. Lakini mwanafunzi aanze na ndizi na nazi peke yake. Akishaweza, ndipo aongeze.

Mabibi na mabwana, nilimpelekea jirani yangu mkate wa kwanza uliofaulu, pamoja na karatasi ya vipimo. Yeye hajui kusoma, lakini mwanawe, yule yule aliyetumwa dukani, alimsomea mstari baada ya mstari huku akipima kwa kikombe. Juma lililofuata mkate wao ulikuwa mzuri kuliko wangu, wala sioni haya kusema hivyo. Siku hizi ndizi zikizidi, huoka mikate miwili: mmoja wa nyumbani, na mwingine hukatwa vipande 12 vikauzwa njiani.

Lakini sitawadanganya. Ndizi ni zake, ila unga, sukari, mafuta na mayai hununuliwa. Nilimwambia aandike kila anachonunua na kila anachouza, kwa kuwa asiyeandika hudhani amepata faida kumbe anakula mtaji wake. Faida yake ni ndogo, haimtajirishi mtu. Tena mkate huu una sukari, si wa kula kila siku badala ya chakula. Walakini safari ile ya jioni ya kwenda kukopa mkate imekwisha, na ndizi hazimwagwi tena shimoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwenu walimu nina ombi moja. Robo, theluthi na nusu ambazo watoto huziona ngumu ubaoni, wapeni kikombe na unga wazipime kwa mikono yao, na mwisho wa somo waonje hesabu zao. Hesabu iliyokosewa watakuta imekuwa tofali au sabuni, hawataisahau kamwe.

Na kwenu wazee: mama zetu na bibi zetu wana ujuzi mwingi katika mikono yao, nao hawajui kwamba ni hazina, kwa sababu hakuna aliyewauliza. Watumeni watoto waliokwenda shule wakaulize, wakapime, wakaandike. Yule bibi wa Tanga alipoona jina la mkate wake katika daftari langu, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Basi sitakufa nao." Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya nisimame mbele yenu leo.

Niwieni radhi kama nimesema mengi. Mkate uko pale mezani, umefunikwa kwa kitambaa. Karibuni.