Masomo ya Likizo na Kazi ya Uwanjani: Hesabu ya Jumatano Nne

(Maandishi ya hotuba kwa wanafunzi wa vyuo na wazazi wao, Kakamega)



Likizo ndefu ya Mei hadi Agosti siku hizi si likizo tena. Mwanafunzi aliyeahirisha somo kwa kukosa karo hulisajili wakati huo. Na ni wakati huo huo ambapo chuo humtaka atafute mafunzo ya nyanjani, ile kazi ambayo vijana huiita atachimenti. Yote mawili huangukia miezi ile ile.

Chukueni mfano wa binti mmoja wa hapa Lurambi, mwaka wa tatu katika kozi ya biashara. Mama yake huuza mboga sokoni. Mwaka uliotangulia karo ilichelewa, akaahirisha somo la takwimu. Likizo ilipofika alilisajili, darasa likawa kila Jumatano kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, kwa wiki 14. Wiki hiyo hiyo akapata nafasi katika timu ya kandanda, kitengo cha masoko.

Wengi husikia masoko ya michezo wakadhani ni kuuza jezi. Jezi ni sehemu ndogo tu. Kazi yenyewe ni kumwonyesha mdhamini kwamba pesa zake zinaonekana: bango limekaa mahali kamera inapofika, idadi ya mashabiki imeandikwa, picha zimetumwa kabla watu hawajafika nyumbani. Mnakumbuka mwaka 2019, SportPesa ilipositisha udhamini wake wa michezo nchini baada ya mvutano wa leseni na kodi. Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki bila mdhamini wa jezi. Klabu isiyo na watu wanaojua kutafuta wadhamini na kuwatunza hukaa kwa wasiwasi. Na kazi inazidi kuja: Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa Septemba 2023 maandalizi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027.

Basi binti huyo aliipenda kazi, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mechi za Jumamosi na Jumapili hazikumsumbua. Lakini msimu ulipokaribia kuisha, mechi zilizoahirishwa zilianza kupangwa Jumatano saa tisa alasiri. Kipenga cha mwisho hupulizwa karibu saa kumi na moja, kisha mabango yashushwe, mapato ya mlangoni yahesabiwe, picha zitumwe. Anapomaliza, mhadhiri naye anafunga vitabu.

Vyuo vingi humtaka mwanafunzi awe amehudhuria angalau theluthi mbili ya vipindi ndipo akalie mtihani. Kwa wiki 14, hiyo ni vipindi 10. Alikuwa na ruhusa ya kukosa vinne tu. Kufikia wiki ya sita alikuwa amekosa vitatu, na ratiba ilionyesha Jumatano mbili zaidi za mechi. Akikosa zote mbili, mtihani hakuna, somo litasubiri mwaka mwingine, na mama atalipa tena.

Alinyamaza siku kadhaa. Aliogopa kwamba akimwambia msimamizi, ataonekana mvivu, na alikuwa na matumaini ya kuitwa kazini akihitimu. (Wazazi, hofu hii watoto wenu wanayo wengi, na hawaisemi mezani.) Mwishowe alimwendea msimamizi na karatasi, hakwenda na machozi. Upande mmoja tarehe za darasa, upande wa pili tarehe za mechi. Aliomba Jumatano aingie saa moja asubuhi, apange mabango na kuandaa matangazo mapema, aondoke saa kumi na nusu, kisha Alhamisi asubuhi aandike ripoti ya mdhamini. Mwanafunzi mwenzake angeshusha mabango, naye angemlipia zamu hiyo Jumapili.

Msimamizi alikubali, ingawa alinung'unika kidogo. Alisema jambo ambalo lingefaa kusemwa siku ya kwanza: angejua kuhusu darasa, angepanga zamu hivyo tangu Mei.

Faida nyingine hakuitarajia. Kwa idhini ya klabu, alitumia hesabu za tiketi za mlangoni kufanya zoezi lake la takwimu. Wastani na mtawanyiko vilikoma kuwa maneno ya ubaoni. Vikawa mashabiki waliopungua siku ya mvua.

Hata hivyo alipoteza kitu. Mechi ya mwisho ya Jumatano ndiyo aliyokuja mdhamini mkuu mwenyewe. Aliondoka kipindi cha pili kikiendelea, na mwenzake ndiye aliyemtembeza mgeni uwanjani na kubaki na kadi yake. Binti alifika darasani kwa bodaboda, akaketi nyuma, akaandikwa kuwa amehudhuria. Mtihani wa Agosti aliukalia.

Sasa, kwa mnaotafuta nafasi mwaka ujao. Atachimenti na uanagenzi si kitu kimoja: mpango wa uanagenzi wa Tume ya Utumishi wa Umma ni wa waliohitimu, kwa hivyo aliye bado chuoni asipoteze nauli huko. Ulizeni mapema kama kuna posho, maana mahali pengi hakuna, na nauli ya miezi mitatu si kidogo. Kabla ya kutia sahihi, ombeni kalenda ya mechi na muipe klabu ratiba ya darasa. Barua ya chuo, nakala ya kitambulisho na bima ya ajali ziwe tayari kabla Aprili haijaisha, kwa sababu Mei nafasi nyingi huwa zimeshajaa.