Mahali pa Stesheni

Nipo Mjimwema, hapa Songea. Kila nionapo malori yaliyosheheni makaa ya mawe ya Mbinga yakiiandama njia ndefu ya Namtumbo, Tunduru na Masasi hata bandari ya Mtwara, huikumbuka reli ambayo habari zake tumezisikia kwa miaka mingi, nayo ni ile ya kutoka Mtwara hata Mbamba Bay katika Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa na Liganga kwenye chuma, urefu wake ukikaribia kilomita 1,000. Upembuzi yakinifu umekwisha kufanywa, na wawekezaji wa kuingia ubia na Serikali wametafutwa; lakini katika maneno yote yasemwayo juu yake nasikia chuma, nasikia makaa, nasikia tani. Abiria simsikii.

Jambo hili lanitia hofu, kwa kuwa kusini tuliwahi kuwa na reli, na tukaipoteza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza, ambao watu wao walikuwa katika dhiki ya mafuta ya kula, walianzisha mwaka 1947 ule mradi mkubwa wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuipeleka karanga ya Nachingwea pwani. Karanga haikustawi kama walivyotumaini; mradi ukavunjwa mwaka 1951, hali kazi ya reli ingali ikiendelea, na treni zikabaki kutafuta shehena isiyokuwapo, hata mwaka 1962 njia ikafungwa, kisha pau zake zikang'olewa ardhini. Siwalaumu waliotoa amri ile, kwa maana reli isiyojilipa ni mzigo mzito kwa hazina ya nchi changa. Lakini reli iliyozaliwa kwa ajili ya shehena moja, shehena hiyo ikikosekana, haina wa kuitetea. Itazameni Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914: imepita katika vita viwili vikuu na mafuriko ya Kilosa, na ingali ipo. Naamini haikuhifadhiwa na mizigo peke yake, bali pia na watu wa Tabora, Kigoma na Mwanza, walioifanya njia ya harusi zao, misiba yao na riziki zao.

Na fedha? Tangu mwaka wa fedha 2015/16, bidhaa ziingiazo nchini, isipokuwa zilizosamehewa, hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa hizo. Ushuru huo haumwulizi mlipaji akaa wapi. Umo katika simu na baiskeli tununuazo Songea kama ulivyomo katika zile za Kariakoo. Reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hata Morogoro mwezi Juni 2024, na hata Dodoma mwezi Julai, kwa muda usiotimia saa nne, nami nilifurahi kwa moyo mweupe. Lakini mtu wa Songea aitakaye reli hana budi kupanda basi kwanza hata Makambako, karibu kilomita 300, ndipo aikute njia ya TAZARA.

Sisemi Hazina ibebe gharama zote. Mwekezaji na ajenge, apate faida yake ya halali. Ila mabehewa ya abiria, stesheni za Tunduru, Namtumbo, Songea na Mbinga, na nauli aiwezayo mkulima wa mahindi, hayo hayapatikani kwa hisani ya mfanyabiashara, ambaye makaa hayamdai kiti wala maji ya kunywa. Insafu yataka Serikali iyaandike katika mkataba na kuyatengea fedha zake yenyewe, kabla sahihi hazijatiwa.

Ardhi nayo haingoji mkataba. Stesheni yataka uwanja wa kupangia mabehewa, karakana, maghala na nyumba za wafanyakazi. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, mji ukaota kuizunguka. Na leo Wakenya wanapopanga kuujenga upya uwanja ule wa reli, eka 425 katikati ya mji, wana pa kujengea, kwa sababu eneo lilibaki mikononi mwa reli. Hapa kwetu mashamba niliyoyajua pembezoni mwa Mjimwema yameota kuta za matofali, na wenye kuta hizo hawana kosa, kwani hapana aliyewaambia neno. Maadamu njia imekwisha pimwa, na ichorwe katika ramani ya manispaa, isomwe katika mikutano ya mitaa, na watakaopisha walipwe fidia ya haki sasa, wangali na msingi tu na mchanga wa lori moja, wasije wakapigiwa alama nyekundu ya X ukutani siku waliyomaliza kuezeka.